Thelathini na Watatu Niliowaandika Kuwa Wapo

Mheshimiwa Diwani wetu mpya, Ndugu Afisa Viwanda uliyetoka makao makuu ya halmashauri, Ndugu Karani wa Kata, Mwalimu Mkuu na walimu wangu, mafundi kumi na watatu mliokaa mbele na aproni zenu mpya, wazazi, walezi, majirani, na wanafunzi wenzangu mliosimama kule nyuma kwa sababu viti havikutosha: wakubwa wangu shikamooni, na wenzangu habari za mchana.

Kabla sijatoa shukrani zozote nina jambo la kukiri, jambo ambalo mpaka jana sikuwa nimemwambia mtu yeyote, si bibi yangu, si mwalimu wangu, si rafiki ninayekaa naye dawati moja. Mheshimiwa, ile orodha ya mafundi arobaini na sita uliyoipeleka halmashauri, ukapewa mashine arobaini kwa ajili yake, niliiandika mimi kwa mkono wangu. Na nilipokuwa naiandika nilijua kwamba thelathini na watatu kati yao hawapo.

Hotuba niliyopewa kuisoma leo si hii. Ile ina kurasa mbili, Mwalimu wangu wa Kiswahili ameisahihisha mara tatu, na ina maneno mazuri kuliko haya. Iko mfukoni mwangu. Mwalimu, naomba unisamehe, nitairudisha ikiwa safi. Wanaonifahamu wanajua kwamba darasani nikiulizwa swali huwa najibu kana kwamba nakinong'oneza kitabu, na mwenzangu wa dawati ndiye anayerudia jibu kwa sauti. Leo mwenzangu hawezi kunisaidia, kwa sababu jibu la leo halijui.

Kwa wageni ambao hamlijui jengo hili, naomba niwaeleze kidogo. Hapa tunapofungua upya leo palikuwa kiwanda cha viatu. Nilizaliwa kikiwa bado kinafanya kazi, na kitu cha kwanza ninachokumbuka kuhusu mama yangu si uso wake, ni harufu ya gundi mikononi mwake akinifunga vifungo vya shati. Alikuwa anakaa kwenye cherehani ya ngozi, anashona sehemu ya juu ya kiatu kabla hakijapelekwa kwa wenzake wa soli. Siku hizo, ukipita barabara ya nyuma saa sita mchana, ulisikia nyundo zikinyamaza zote kwa pamoja, halafu vicheko vya watu wanaokwenda kula. Kiwanda kilipofungwa nyundo zilinyamaza vilevile, ila vicheko havikufuata. Mafundi wakaondoka mmoja mmoja, bila kuaga sana, kila mmoja akisema anakwenda kutazama tu. Mama yangu alikwenda kutazama nikiwa darasa la tatu. Sasa niko kidato cha tatu. Anakunja shuka katika chumba cha kufulia cha hoteli moja, mwendo wa siku moja na nusu kutoka hapa, na shuka haina hata tundu moja la kupitisha kamba.

Mheshimiwa Diwani, wewe pia ulikuwa hapa, mtunza stoo, na wewe pia uliondoka, kabla ya wengine wote. Ukakaa huko miaka tisa, ukarudi mwaka jana, ukagombea. Uliposimama juu ya benchi la muuza mitumba kuomba kura hukutuahidi lami wala taa za barabarani. Ulisema utairudisha kazi nyumbani, ili watu waifuate nyumbani. Bibi yangu, ambaye hajawahi kupanga foleni yoyote bila kuilalamikia miguu yake, siku ya kura alifika kituoni kabla ya wasimamizi, na walipofika akawauliza walikuwa wapi.

Ukashinda, na hukulala. Ukaenda halmashauri mara nyingi mpaka mlinzi wa pale akaacha kukuuliza unamtafuta nani. Halmashauri ikakubali kutoa mashine arobaini za kushonea viatu vya shule, kwa sharti moja: kata ioneshe kwamba ina mafundi wazoefu wanaoishi hapahapa, walio tayari kuanza. Ilibidi watu wahesabiwe. Karani wa Kata mguu ulikuwa unamsumbua, hivyo akaomba shuleni mwanafunzi mwenye mwandiko unaosomeka. Nikachaguliwa mimi. Sikuchaguliwa kwa ujasiri.

Nilianzia nyumbani kwetu, kwa sababu niliogopa kubisha milango ya watu. Bibi alikuwa amekaa uani anachambua mchele. Nikamsomea fomu kama ilivyoandikwa: jina, ujuzi, miaka ya kazi, yupo nyumbani, ndiyo au hapana.

“Mwandike mama yako,” akasema.

“Bibi, wanauliza kama yupo.”

“Yupo. Viatu vyake si hivyo hapo mlangoni?”

Nikatazama. Vilikuwepo kweli. Bibi huvipangusa vumbi kila wiki.

“Viatu vipo, Bibi. Mama ndiye hayupo.”

Akaacha kuchambua. “Hayupo ni mtu aliyekufa,” akasema taratibu. “Mwanangu ametoka. Andika.”

Nikaandika Ndiyo. Nataka niwe mkweli mbele yenu: sikuandika kwa sababu Bibi aliniamuru. Niliandika kwa sababu nilitaka kuiona imeandikwa. Nililiangalia lile neno kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa kuangalia neno la herufi tano, na kwa muda ule wote mama yangu alikuwa ndani, labda anajinyoosha, labda anatafuta chanuo.

Baada ya hapo milango mingine ikawa rahisi. Kwa fundi saa wa mtaa wetu nilimuuliza kuhusu mwanawe, aliyekuwa mkata soli hodari. Akasema niandike, amekwenda dukani. Kinyozi aliye jirani naye akadakia bila kuinua macho kutoka kwenye kichwa cha mteja, “Miaka saba, mzee? Duka hilo foleni yake lazima inapita mto.” Fundi saa akamwambia akate nywele, foleni haimhusu. Nikacheka, halafu nikaandika Ndiyo. Kwa mama mmoja mwenye mabinti wawili, wote washonaji, niliambiwa wametoka kidogo na chai yao iko kwenye chupa. Nikaandika Ndiyo mara mbili. Kufikia siku ya nne sikuwa nauliza tena. Nilikuwa najaza Ndiyo kabla mtu hajafungua mdomo, kama mtu anayemimina chai kwenye vikombe vilivyopangwa tayari.

Ndugu Afisa Viwanda, wewe ni mgeni, na pengine unajiuliza ni watu gani hawa wasioweza kujibu swali la ndiyo au hapana. Naomba nikueleze, kwa heshima. Sisi hatukutaka kuidanganya halmashauri. Katika kata hii mtu akitoka kwenda kutafuta maisha, sisi huwa hatumtoi kwenye hesabu. Ukiuliza nyumbani kwetu tuko wangapi, Bibi atakwambia watatu, na ukiingia utatukuta wawili. Ukiuliza nyumba inayofuata utaambiwa sita, na kuna mzee mmoja na redio. Tunafagia vyumba vyao. Tunasema “kwake” na “kitanda chake”. Ukikaa kwenye kiti cha mtu aliyeondoka miaka mitano iliyopita utaombwa uhamie kingine.

Na Mheshimiwa Diwani, wewe usishangae. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunacheza chini ya dirisha la chumba chako, na mama yako mzazi, ambaye yuko pale mstari wa pili na tayari ameshaanza kucheka, alikuwa anatoka na kutuambia tuhamishe kelele zetu, “dada yenu amejipumzisha.” Tulikuwa tunahama kwa vidole vya miguu. Nilikuwa na miaka minane ndipo nikajua kwamba yule dada anayejipumzisha hakuwemo humo. Kwa miaka yote tisa, kila mhesabu watu aliyepita kwenye mlango ule alijibiwa kwamba upo. Je, mama yako alikuwa mwongo? Au alikuwa anakushikia nafasi?

Basi orodha ikaenda, mashine zikaja, na siku ya kuitwa mafundi tukakusanyika hapa uwanjani. Karani akaanza kusoma majina kwa alfabeti. Nilikuwa nimesimama nyuma ya nguzo, na ninaomba mniamini, nilikuwa bado natumaini kwamba yatajibiwa. Akaita jina la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu akajibu fundi mmoja kati yenu mliopo leo, watu wakashusha pumzi. Kisha likaitwa jina la mama yangu, na Bibi akanyoosha mkono.

“Yupo,” akasema.

Karani akatazama huku na huku. “Yupo wapi, bibi?”

“Njiani.”

Watu wakacheka. Halafu likaitwa jina la mtoto wa fundi saa, na fundi saa naye akanyoosha mkono akasema njiani, na safari hii waliocheka walikuwa wachache. Liliposomwa la kumi na tano hakuna aliyecheka tena. Mikono ilikuwa inanyooshwa kila upande, ya wazee, ya mababu, ya wake waliobaki na watoto, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kushona kiatu.

Mheshimiwa, ulifunga daftari, ukasema maneno ambayo nimeyaandika pembeni mwa kitabu changu cha historia: “Nilidhani watu wangu wanataka kazi.” Hukufoka. Ingekuwa rahisi kama ungefoka. Wiki iliyofuata ikaja barua kwamba mashine ishirini na saba, ambazo ziko kwenye maboksi yale pale ukutani, Jumatatu zitapakiwa kwenye lori na kupelekwa kata nyingine yenye watu wanaopenda kazi. Nilisoma barua ile kwenye ubao wa matangazo nikiwa na sare ya shule, nikajiona mimi ndiye lori.

Kwani ni nani aliyekwambia kwamba watu wako hawataki kazi? Orodha ndiyo iliyokwambia. Na orodha ni yangu. Kama ningeandika Hapana pale palipostahili Hapana, ungejua tangu siku ya kwanza kwamba huna mafundi arobaini na sita, una kumi na watatu hapa na thelathini na watatu huko. Usingesubiri waje kwa miguu kutoka mitaa ya jirani. Ungewaita. Mpango wako ulikuwa wa kuwarudisha watu nyumbani, Mheshimiwa, na mimi niliuharibu kwa kukuambia kwamba tayari wamerudi.

Ndiyo maana wiki mbili zilizopita nilinunua daftari jipya, nikaanza upya milango yote ya wale thelathini na watatu, kila siku baada ya shule. Sikuuliza kama yupo. Niliuliza ameondoka lini, anafanya kazi gani huko, na mnampata kwa namba ipi. Safari hii haikuwa rahisi. Fundi saa alinisikiliza mpaka mwisho, akavua ile miwani yake ya kazi, akaniambia, “Mara ya kwanza ulikuja kumwandika mwanangu. Sasa umekuja kumfuta?” Akarudi kwenye saa zake, nami nikaanza kutoka. Nilipofika mlangoni akaniita. Namba ya mwanawe ilikuwa imeandikwa kwa chaki ukutani, nyuma ya mlango wa kibanda, mahali ambapo mlango ukiwa wazi haionekani. Akanisomea tarakimu moja moja, na kinyozi, ambaye kwa kawaida hana siku bila neno, akazima mashine yake ili nisikie vizuri.

Namba nyingi zilikuwa nyuma ya milango, Ndugu wageni waalikwa. Nyingine zilikuwa ndani ya vifuniko vya masanduku, na moja ilikuwa imeshonwa kwa uzi kwenye pindo la pazia. Tulipiga simu pamoja na wenyewe, simu ikiwa katikati ya meza na nyumba nzima imeizunguka, na nilijifunza kuuliza haraka kabla watu hawajaanza kuulizana kuhusu kikohozi na mvua. Nilisema: mashine zimekuja, kiwanda kinafunguliwa, unataka kurudi? Wanne hawakupatikana. Saba walisema hapana, na sababu zao nimeziandika bila kuzipamba. Mmoja amefungua karakana yake, mwingine alisema amechoka kurudi mahali na kuondoka tena. Ishirini na mmoja walisema ndiyo, na karibu wote waliongeza jambo moja, kwamba wanataka barua yenye muhuri, ili mwajiri asidhani wanatoroka na ili wao wenyewe wasidhani wanaota. Mtoto wa fundi saa yumo katika wale ishirini na mmoja. Aliuliza baba yake bado ananuna akiamshwa. Baba yake alisema hapana, akiwa amenuna.

Hao ni thelathini na wawili. Anabaki mmoja.

Mama yangu nilimpigia mwisho, Jumapili, saa yake ya mapumziko, nikiwa nimejifungia chumbani ili Bibi asinisaidie kuongea. Katika miaka hii yote tumezungumza kuhusu ada, meno, mitihani, na kama nimerefuka. Sijawahi kumuuliza kama anarudi. Naogopa maswali, na hilo niliogopa kuliko yote, kwa sababu nisipouliza jibu linaweza kuwa lolote ninalotaka. Nikamsomea maswali yangu kama nilivyowasomea wengine. Akauliza mashine zinashona ngozi ngumu au laini tu. Nikamwambia zote. Akauliza mwanga ukoje. Nikamwambia madirisha yamesafishwa.

“Mwanangu,” akasema, “usiniandike kwanza.”

“Hutaki, Mama?”

“Nataka mpaka naogopa. Miaka saba nakunja shuka. Jana nilichukua kipande cha mkoba wa mtu uliochanika nikajaribu kukishona, mishono ikaenda kama kuku. Nikija hapo mbele ya wenzangu, mikono ikakataa?”

Vitabu vyote nilivyosoma havikunisaidia. Nilimwambia tu kwamba nikiwa darasa la tatu sikujua kufunga kamba za viatu, na kwamba nilijifunza kwa kitabu chenye picha, na picha ile ilikuwa ya mtu anayetumia mkono wa kushoto, kwa hiyo mpaka leo nafunga kinyume. Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akasema nimwandike, lakini niandike ukweli.

Mheshimiwa Diwani, siombi nisamehewe haraka, na kama kuna adhabu nitaipokea. Ninachokuomba wewe na Ndugu Afisa Viwanda ni kwamba lori la Jumatatu lisije kabla daftari hili halijasomwa, na kwamba barua ishirini na mbili zitoke zikiwa na muhuri. Mwandiko wangu upo, nikiruhusiwa. Na kwenu mafundi kumi na watatu, mlioitwa wavivu pamoja na wengine ilhali mlifika saa moja asubuhi, nawaomba radhi. Mnajua hali ya kukaa kwenye mstari wa kazi huku kushoto na kulia kwenu pako wazi. Mtakuwa na subira na mkono wa mtu uliosahau. Nawaomba sana.

Wazazi na walezi, najua baadhi yenu leo mmenikasirikia kwa sababu nimesema hadharani kwamba watu wenu hawapo. Na mimi nimejikasirikia. Lakini mtu aliyeandikwa kuwa yupo, nani atamtumia barua ya kumwita?

Jana, kengele ya mwisho ilipolia, nilikwenda ofisi ya kata. Nilimwambia Karani kila kitu, akanitazama sana, akavuta kiti chake akainua ule mguu, akanipa daftari kubwa la orodha na kalamu nyekundu. Nilipiga mstari juu ya Ndiyo moja baada ya nyingine, thelathini na tatu, nikaandika Hapana, na pembeni nikaandika mahali walipo na walichosema. Kila mstari nilitia sahihi yangu, na Karani akatia yake chini ya yangu. Mstari wa mama yangu niliuandika hivi: hayupo, anakunja shuka hotelini, anataka kurudi, anaogopa mikono yake. Kisha nikalifunga daftari, nikalibeba nyumbani kwa ruhusa ya Karani, na leo nimekuja nalo. Hili hapa, Mheshimiwa.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu na kwa kunivumilia sauti. Naomba nikaketi.